Alama kwenye Sanduku la Baba

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Mama anamimina chai vikombe viwili, anabonyeza rimoti, kisha anajishusha taratibu kwenye kochi huku kiduara kikizunguka kwenye runinga, kinazunguka tu, mpaka marehemu Baba atokee juu ya ngazi akifunga feni ya sebuleni na kumwambia, "Shika ngazi, bibie. Kamera haitanidaka nikianguka." Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Mziwanda, anakaa pembeni, anamaliza chai, anaaga, anakwenda kazini.

Asubuhi ile kiduara kilizunguka bila kukoma, kisha runinga ikawa nyeusi.

"Amegoma leo," Mama akasema, rimoti bado mkononi.

Mziwanda akajitafuta ndani kama mtu anayepapasa mfuko aone kama ufunguo umo. Huzuni haikuwemo. Kilichokuwemo ni nafuu: leo hatamsikia. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtia hofu.

Sanduku lililoonyesha video hiyo lilikaa chini ya runinga. Baba alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake kutokana na mabaki ya kompyuta za ofisini, na humo ndimo zilimohifadhiwa picha na video zote za nyumba ile. Mziwanda alipompigia simu, kaka yake mkubwa hakuzunguka mbuyu.

"Litupe. Hata Baba angelitupa."

"Baba hakuwahi kutupa hata msumari uliopinda."

Kaka akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akasema anaitwa kwenye mkutano.

Mziwanda akalibeba sanduku hadi kwa fundi wa kompyuta, mwanamama aliyebandikwa jina la Bisibisi kwa vile bisibisi haikukosekana nyuma ya sikio lake. Fundi akalifungua, akavuta nyuzi nyeupe zilizoziba matundu ya hewa.

"Mdogo wangu, mlilivisha sweta?"

"Ni kitambaa cha Mama, dada. Anafuma mwenyewe. Amefunika redio, friji, hata pasi."

"Basi mmelipika. Diski ni nzima, lakini prosesa, ubongo wake, imekufa kwa joto." Akakisogeza karibu na taa kijiti cha kumbukumbu. "Na hiki nacho kidogo mno. Ni kama kumpa mpishi wa wageni mia sufuria ya kukaangia yai. Ndiyo maana lilikuwa likijikongoja. Ubao huu unapokea prosesa yenye nguvu kuliko ile. Ninayo, imetumika lakini haina neno. Tuongeze na kumbukumbu, litakimbia. Au unataka kuliacha lipumzike? Sema tu."

Neno moja lingetosha. Angerudi nyumbani aseme limekufa, na asubuhi zao zingekuwa kimya bila mtu kulaumiwa. Lakini Mama angefanya nini na ile rimoti?

"Nitaweka mwenyewe," akasema. "Nionyeshe tu."

Jumamosi mchana akatandika gazeti kwenye meza ya chakula. Mama akaketi mkabala naye, uzi na sindano ya kufumia vikiwa mapajani, asifume. Mziwanda akachomoa feni ndogo, akalegeza skrubu, akalivuta bati la kupozea mpaka likabanduka. Chini yake ule uji mweupe wa kupitishia joto ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Pembeni mwa bati, pale ulipokuwa umefurika, kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote ikionekana, na kovu likiikata katikati. Kovu lile alilijua.

Mkono wake ukasimama.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Uchafu tu, Mama."

Bisibisi alimwambia asafishe mpaka bati ling'ae. Akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta. Alama ikaondoka kwa mkupuo mmoja. Alisubiri ahisi kitu, asihisi. Akapaka uji mpya, akaketisha prosesa mahali pake, akavisukuma vijiti vya kumbukumbu mpaka vibanio vikalia *tak*. Kile kitambaa cha kufuma akakikunja, akamrudishia mwenyewe.

"Hili lisivishwe tena, Mama."

"Haya. Nitalivisha jiko," Mama akasema, na wote wawili hawakucheka.

Jumapili asubuhi Mama akamimina chai, akabonyeza rimoti. Kiduara hakikupata hata nafasi ya kutokea. "Shika ngazi, bibie," Baba akasema papo hapo, kwa sauti kavu na ya karibu, na Mama bado yuko wima, kikombe mkononi. Chai ikamwagika kwenye sahani, ikafurika hadi kwenye kidole chake. Hakukitikisa. Hapo ndipo Mziwanda alipoelewa kile kiduara kilikuwa kikimfanyia Mama kazi gani kila siku: kikimpa muda wa kuketi na kujikaza.

"Zima, mama," Mama akamwambia. "Zima, tafadhali."

Akazima. Feni ya sebuleni ikasikika ikizunguka juu yao.

"Mimi siiwezi hiyo video," Mama akasema, akikitazama kikombe. "Sijawahi kuiweza. Naiweka kwa ajili yako. Hukulia mazishini, hukulia arobaini, unakwenda kazini na kurudi kama mtu aliyetumwa. Nikasema labda akiisikia sauti yake..."

Mziwanda akakichukua kikombe mikononi mwa Mama, akakiweka mezani, akaukausha ule mkono kwa upindo wa gauni lake. Akaona hawezi kuuachia.

"Jana nilikuambia ni uchafu," akasema. "Haukuwa uchafu, Mama. Kilikuwa kidole cha Baba. Nami nimekifuta."