Siku Tisa za Malazi ya Riyadh

Mama alipomnunua ng'ombe yule kwa mshahara wangu wa miezi mitano, alimwita Riyadh. Ndugu yangu Danson, ambaye ni mlinzi wa geti kwenye bandari ya Jeddah, alinuna wiki nzima, kwa sababu mabati ya banda yalitoka mfukoni mwake na hakuna aliyetaja Jeddah. Mimi nilijidai kupita kiasi. Huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi za nyumbani mjini Riyadh, kule Al-Murabba, na siku nikichoka kudeki ngazi za watu najikumbusha kwamba kuna Riyadh mwingine nyumbani, anatafuna majani kwa raha zake.

Marehemu baba alituachia ploti pembeni mwa mji wetu. Alituachia pia malimbikizo ya kodi ya ploti, ambayo hakuna aliyeyajua mpaka kaunti ilipomtuma dalali. Dalali huyo, Gilbert, alikuja na notisi, akaanza kuorodhesha vitu vya mama vitakavyokamatwa tusipolipa. Kochi alilidharau, kabati akalipita, macho yakatua kwa ng'ombe. Mama hawezi kumnyima mgeni jibu. Alipoulizwa habari za ng'ombe alizitoa zote: jike, wa maziwa, amepandishwa juzi tu, anaitwa Riyadh. Gilbert akaandika kila neno.

Deni lilikuwa elfu sitini na nne. Tukakubaliana kulipa elfu nane kila mwezi, nusu mimi, nusu Danson, kupitia simu ya Gilbert. Baada ya miezi minne nilikuwa najua tumefika nusu, na nilianza hata kutembea kwa madaha. Ndipo mama akatuma picha ya barua. Bado elfu sitini na mbili na mia tano. Pesa zetu zilikuwa zimekatwa kwanza gharama za dalali, na salio lote lilipwe kabla ya Ijumaa saa sita, la sivyo Riyadh achukuliwe akauzwe, na mimba yake tumboni.

Nililia jikoni, na sioni aibu kusema. Madam wangu alipoingia na kuniuliza kuna nini, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba kuna mtu anataka kuuza Riyadh. Madam akaduwaa. Akauliza ni nani huyo mwenye uwezo wa kuuza Riyadh, na anamuuzia nani. Nilipomwonyesha picha ya ng'ombe, alicheka mpaka akatafuta kiti, nami nikajikuta nacheka na kamasi zangu. Akaniruhusu nipumzike Ijumaa asubuhi, wakati kwa kawaida napewa jioni tu.

Barua nilimtumia Danson. Mimi nilikuwa nimeona jumla tu, macho yakajaa maji. Lakini Danson hushinda getini akiandika kontena zinazoingia na zinazotoka, kwa hiyo alisoma kila mstari, kisha akanipigia.

"Beldina, huyo ng'ombe amewahi kutoka kwa boma?"

Nikamuuliza mama. Mama akasema hajatoka hata kwenda kwa jirani. Danson akanisomea mistari miwili: usafiri wa Riyadh, kwenda na kurudi, elfu kumi na nne; malazi ya Riyadh, siku tisa, elfu kumi na tatu na mia tano. "Hapa bandarini kontena hailipi yadi ambayo haijaingia," akasema. "Waulizeni karatasi ya geti."

Ijumaa ni mapumziko huku, lakini nyumbani ofisi ziko wazi. Mama alikwenda kwenye dawati la madeni la kaunti, akaiegemeza simu kwenye kikombe cha kalamu, mimi na Danson tukiwa ndani yake. Gilbert alikuwa ameshafika kuchukua idhini ya kumkamata Riyadh ikigonga saa sita. Msimamizi wa dawati, mama mmoja anayeitwa Celestine, aliisoma barua polepole. Akavua miwani.

"Bwana Gilbert, ni nani alienda Riyadh?"

Gilbert akasema hakuna aliyeenda.

"Hapa umeandika kwenda na kurudi, elfu kumi na nne. Nionyeshe hiyo ndege, na mimi nipande."

Ofisi nzima ikacheka. Gilbert hakutaka kuonekana kichaa, akajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Akaeleza kwamba Riyadh ni ng'ombe, kwamba alimchukua kwa lori akamweka kwenye yadi yake toka tarehe tatu hadi kumi na moja ya mwezi uliopita, halafu akamrudisha kwa huruma tu.

Sasa, mama hunitumia picha ya Riyadh kila asubuhi akimaliza kukamua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilizituma zote tisa za siku hizo palepale, kila moja na tarehe yake. Celestine alizipitia moja moja, Riyadh akitafuna, Riyadh akipiga miayo, Riyadh akiilamba simu. Danson akadakia kwamba mabati yale ya nyuma ni yake, yatambuliwe. Kisha akaomba karatasi ya ng'ombe kuingia yadi. Gilbert akapapasa mfuko wa shati, ambao ulikuwa mtupu, akasema huenda karani wake alikosea.

Celestine akachukua rula, akafuta gharama zote kasoro elfu tatu za notisi, na akaagiza kuanzia siku hiyo tulipe kaunti moja kwa moja. Nilipiga vigelegele mpaka madam akaja mbio, akauliza kama wameshauza.

"Mafi kuuza, madam," nikamwambia, yaani hakuna kuuza. "Riyadh iko."

Tulilipa miezi mitano zaidi, na mwezi huohuo wa mwisho Riyadh akazaa ndama jike. Danson alikuwa amejiandaa. Alishawatangazia walinzi wenzake kwamba nyumbani kwao kutakuwa na Jeddah. Mama akatupigia, akageuza simu, tukamwona ndama amesimama kwa miguu inayotetemeka, na risiti ya mwisho ya kaunti imebandikwa juu yake kwenye nguzo ya banda. Nililia tena jikoni palepale, mara hii kwa furaha tupu.

"Anaitwa Halas," mama akasema.

Neno lile alilipata kwangu. Miaka mitatu amekuwa akinisikia kwenye simu nikiwaambia watoto wa madam halas maji, halas kelele, halas, imetosha.

"Mama, na Jeddah je?" Danson akauliza.

"Huyu kazaliwa na risiti, baba. Ningemwita nani?"

 Danson akauliza Riyadh atapandishwa tena lini, ili aanze kuweka pesa kando mapema.