Kabla ya Geti

Kalavati lilikuwa limesombwa lote, na pale barabara ilipokatika palikuwa pamelazwa gogo. Wageni walivushwa kwanza, wakishikwa mikono kama maharusi. Ndipo wapagazi wakaanza kupita mmoja mmoja, na Nyapara akasimama ng'ambo akiwahimiza waongeze mwendo kabla mvua haijarudi.

Shemeji yake ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mzigo wake ulikuwa mzito kuliko yote.

"Shemeji!" aliita kutoka upande wa pili. "Humu umenifungia mawe au mke wa pili?"

Wapagazi wakacheka. Nyapara naye alicheka, ingawa moyo ulimsuta. Asubuhi, gari liliposhindwa na tope, ni yeye aliyegawa mizigo. Wanyapara wote wa mlima huo walifanya hivyo hivyo: mzigo mbaya unampa wa kwenu, watu wasije wakasema unapendelea. Mtu wa nyumbani hagombi. Na huyu alikuwa mume wa mdogo wake, aliyekaa msimu mzima bila kazi hadi mkewe akamleta mwenyewe mlangoni. "Kaka, mchukue huyu, nimechoka kumwona ananizunguka jikoni." Alikuwa amekonda na anakohoa. Nyapara aliliona hilo, na bado akamfungia meza ya chuma, mtungi wa gesi na kreti la mvinyo.

Barabara ile ilitengenezwa kila mwaka, redioni. Dhoruba ya juzi ilichukua kilichokuwa kimebaki. Kampuni ya utalii iliwaambia wageni kwamba njia inapitika, na kweli ilipitika, kwa migongo ya watu. Zamani gari lilifika hadi kwenye geti la hifadhi ya mlima, na hapo ndipo mizigo ilipopimwa na kazi ya mpagazi ikahesabika kuwa imeanza. Sasa gari liligeuzia bondeni. Kupanda kote huko hadi getini hakukuwa kazi ya mtu yeyote.

Shemeji alifika katikati ya gogo, kikohozi kikamshika. Alijaribu kukimeza. Mguu ukateleza, akaenda chini na mzigo juu yake, na kilichosikika ni kishindo cha ile meza.

Walipomfikia, mfupa ulikuwa umetoboa suruali.

"Mtungi umepona, shemeji?" aliuliza.

Nyapara akaanza kumfungua kamba za mzigo.

Mwakilishi wa kampuni, kijana wa buti safi, alichungulia kutoka juu. "Hawezi kutembea?"

"Mguu umevunjika, bosi. Tumteremshe bondeni."

"Gari limesharudi mjini. Na mkimbeba nyinyi, mizigo ya wageni abebe nani? Mimi?" Akashusha sauti wageni wasisikie. "Mwacheni hapo apumzike. Getini kuna machela, mtaomba."

Walimlaza chini ya ukingo. Nyapara akamfunika koti lake.

"Nakufuatia machela. Usilale."

"Nenda tu. Ila usimwambie mdogo wako kwanza. Atasema nimejiangusha nikwepe kazi."

Ule mzigo aliubeba Nyapara mwenyewe. Hakuwa amepanda sana kamba zilipoanza kumkata mabega, na hapo akajua sawasawa alichomfanyia yule mtu. Aliona aibu hata kusimama kupumua.

Machela ilikuwapo getini, imetundikwa ukutani kwenye kibanda cha askari, mpya, bado imo kwenye nailoni yake.

"Kaumia wapi?" askari aliuliza.

"Kwenye kalavati."

"Kabla ya geti, basi. Hajaingia huyo. Machela ni ya walioingia. Nikiitoa nje wakubwa wakaniuliza, nitasema nimembebea nani?"

"Mpagazi wetu."

"Mpagazi ni yule niliyempimia mzigo hapa, ndugu yangu."

"Ni mume wa mdogo wangu! Mfupa uko nje, afande. Tutairudisha sasa hivi."

"Pole sana," alisema askari, na alionekana kumwonea huruma kweli. "Weka mzigo."

Nyapara alimgeukia mwakilishi wa kampuni. Yule alikuwa anatazama mlima.

Akauweka mzigo. Mshale wa mizani ukazunguka hadi mwisho ukagota. Askari akakunja uso.

"Hivi nyie mnataka kuua mtu? Hapa kwangu hapiti mpagazi na mzigo kama huu. Sheria ni sheria."

Akaufungua mwenyewe. Akatoa meza, akatoa kreti la mvinyo, akavisukumia chini ya ile machela, kisha akapima tena hadi aliporidhika. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliguswa sana kuona wapagazi wanavyojaliwa, akapiga makofi.

Kule chini kwenye kalavati mvua ilikuwa imeshaanza.

"Haya, twende," alisema mwakilishi. "Wageni wanapigwa baridi."

Askari alimsaidia Nyapara kuuvaa mzigo, akamwekea kamba vizuri mabegani. Ulikuwa mwepesi. Hata mtu mwenye kikohozi angeweza kuubeba.