Kitanda cha Pili

Mgonjwa alikufa tena, Mueni akiwa amemshika mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wa plastiki, lakini jasho lililomtiririka Mueni mgongoni halikuwa la mchezo. Nyuma ya kioo, mkufunzi Miriam alizima king'ora cha mashine.

Hospitali hiyo ya Olaya ilitaka kila muuguzi mgeni aucheze mchezo huu kabla ya kumgusa mgonjwa wa damu na nyama. Mueni alikwisha kushindwa mara mbili. Akishindwa tena, mkataba ungevunjwa, ikama, kibali cha kuishi katika nchi hiyo ya Waarabu, isingetoka, naye angerudi Makueni mikono mitupu. Alichoka, uchovu wa mtu aliyeuguza watu miaka nenda miaka rudi, kisha akaambiwa aanze upya na sanamu.

Miriam, Mzanzibari asiye na haraka ya maneno, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada Mueni, dalili umezijua, daktari umemwita. Lakini hewa umempa kidogo, kama mtu atiaye chumvi. Ulikuwa ukimbakishia nani?"

Mueni alitaka kusema hakuna, ila mdomo ulimtangulia.

"Wa kitanda cha pili."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja.

"Kwetu mtungi wa oksijeni ni mmoja, wodi nzima," akaeleza. "Ukimfungulia huyu yote, yule ataenda. So unapima. Huyu kidogo, yule kidogo, unaomba Mungu."

Mazoea yana taabu, na mkono wake ulikuwa umezoea uhaba. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya sanamu.

"Hapa hewa yatoka ukutani, haiishi," Miriam alisema, akiinuka kurudi nyuma ya kioo. "Yalla, mara ya mwisho."

Mgonjwa akaanza kukoroma. Mueni alimvika barakoa, akashika koki. Mkono ulisimama pale pale ulipozoea kusimama. Akaulazimisha. Aliizungusha koki hadi mwisho, na moyo ukamuuma kana kwamba anampokonya mtoto uji. Kwenye skrini, namba zikapanda.

"Halas," sauti ya Miriam ilisema. "Umefaulu, dada."

Mueni hakuona furaha. Hewa ilikuwa bado inavuma kwenye barakoa, juu ya midomo isiyopumua.

"Hii yote inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Yapotea tu. Funga, twende tukale."

Mueni hakufunga. Aliivua barakoa usoni pa sanamu, akajiwekea yeye, akaivuta hewa ile ya baridi mpaka kifua kikajaa. Akavuta tena. Ndipo akaifunga koki.