Bata wa Visiwa vya Lamu

Kifuniko cha sufuria kililia sakafuni gizani, maana stima ilikuwa imepotea. Trizah alipowasha mshumaa, aliwakuta mumewe Musyoka na jirani yao Chengo wamepanga vifuniko vyake mezani. Eti vifuniko hivyo ndivyo visiwa vya Lamu, ambako Jumamosi wangekwenda kwa mashua kuwinda bata mwitu.

“Kuwinda kumekatazwa, Baba Mwende.”

“Bata hawajui.”

“Na bahari ya huko unaijua?”

“Nimevuka kwa feri kwenda kazini miaka sita!”

“Mashua ikipinduka, sahibu, tutaogelea tu,” alisema Chengo.

“Kuogelea si kazi,” Musyoka akajibu, akikisogeza kisiwa kimoja.

Trizah alijua mume haumbuliwi mbele ya mgeni. Lakini Mwende, mtoto wao wa miaka minne, alikuwa bado hajafundishwa adabu hiyo.

“Baba hajui kuogelea.”