Shangazi Asimamisha Magari

Ndugu zake walimwita Chokochoko, na hata alipoanza shahada ya uzamili ya uhandisi jina halikumtoka. Alitaka kujenga madaraja. Profesa aliyemsimamia, mtu mkavu wa maneno, akamwambia, "Daraja litakusubiri. Nenda kwanza kwenye kivuko cha mbele ya zahanati, ukanipimie kasi ya magari."

Akaenda shingo upande. Siku tatu alijibanza nyuma ya ua wa michongoma na kipima kasi chake. Kibao kilisema hamsini. Magari yalipita kwa sitini na nane, na kina mama wenye watoto mgongoni waliganda ukingoni mpaka miguu ikawauma. Siku ya nne alichoka kuchomwa na miiba, akasimama wazi na kizibao chake cha kung'aa. Kila dereva akawa mstaarabu ghafla: arobaini na tano.

"Wamekuona," profesa alisema. "Takwimu za leo hazifai."

Hazifai kwako, Chokochoko alijibu kimoyomoyo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kibandani kwake lilisimama sanamu la kuvalisha nguo, ambalo alilibandika jina Wifi, kwa kuwa ndiye wifi pekee asiyemjibu; kwa Chokochoko, basi, likawa Shangazi.

"Mama, niazime Shangazi wiki mbili."

"Anakwenda wapi?"

"Kazini."

"Amevaa gauni la mteja."

"Atabadilisha."

Mama alimtazama kama anayekagua mshono uliopinda, kisha akalivua sanamu gauni.

Manispaa ilitoa ruhusa bila kuuliza mengi. Shangazi akapewa kizibao, mpira wa kuwa kichwa na kofia ngumu juu yake, akasimamishwa kando ya kivuko. Kasi ikashuka hadi arobaini na tatu. Dereva mmoja wa lori alishuka kabisa, akamweleza kwa unyenyekevu kwamba taa yake ataitengeneza kesho. Alipoona hajibiwi, akasema, "Asante kwa kunielewa, mama," akaondoka taratibu. Nyuma ya ua, Chokochoko aliuma kola ya shati asicheke.

Siku ya tisa mambo yakageuka. Madereva walishajua. Mmoja alimvisha Shangazi miwani ya jua. Mwingine alimpungia mkono huku akienda sabini. Alasiri hiyo bibi mmoja mwenye magoti mabovu aliingia barabarani bila wasiwasi, na gari dogo likafunga breki hatua moja tu mbele yake. Fimbo iliruka mtaroni. Bibi hakuumia, ila alikaa chini palepale, na Chokochoko akakimbia kumshika.

"Nilijua mwenzenu yule ananilinda," bibi alisema.

"Ni sanamu, bibi. Nimeliweka mimi. Nisamehe."

Bibi alimtazama sana. "Wiki nzima nimekuwa nikimwamkia."

Kesho yake Chokochoko alimweleza profesa yote, akingoja kufokewa.

"Yaandike hayo pia," profesa alisema. "Hila yako imeishi siku nane. Kwa nini imekufa ya tisa? Utafiti unaanzia hapo."

Akarudi barabarani. Safari hii aliomba matairi chakavu, akayapaka rangi nyeupe, akayajaza mchanga na kuyapanga pande zote mbili za kivuko, barabara ikawa nyembamba. Asiyemwogopa mtu angeogopa kukwaruza gari lake. Mwezi ukapita, kasi ikabaki arobaini na moja. Kina mama waliokuwa wakingoja dakika nne sasa walingoja sekunde ishirini. Kwenye fomu ya mada alikata neno "madaraja", akaandika "usalama barabarani".

Siku ya kutetea tasnifu, mjumbe mmoja wa jopo alinyooshea kidole nukta iliyojitenga juu ya grafu: tisini na nne. "Huyu ni nani?"

"Gari la kijivu, bampa limefungwa kwa waya," Chokochoko alijibu kwa adabu. "Namba tunaificha. Ni maadili ya utafiti."

Profesa alikohoa. "Nilikuwa nimechelewa kikao," alisema polepole.

Jopo lilicheka mpaka likasahau maswali mengine, likampitisha. Wiki iliyofuata aliomba nafasi ya uzamivu, na profesa ndiye aliyemwandikia barua ya kumdhamini. Ilikuwa barua nzuri, ingawa fupi.