Nyongeza ya Kostiki

Yusta alikitupa kile kipande cha sabuni mezani, akajifuta vidole kwenye sketi kama aliyeshika kinyesi. Mbele yake Mama Zena, mmoja wa wanakikundi, alikuwa amenyoosha mikono. Alifua kwa sabuni hiyo jana tu, na ngozi ilikuwa imechubuka hadi nyama inaonekana.

Yusta ni mwalimu wa kemia Kasulu mjini. Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama wa kijiji cha Heru Juu kutengeneza sabuni ya mawese, na hesabu yake bado ilikuwa ukutani kwa chaki: maji ya kostiki, yale magadi makali yanayounguza, kilo nne, asilimia thelathini kwa uzito. Thelathini gawa kwa mia, zidisha kwa nne, unapata kostiki kilo moja na gramu mia mbili. Kinachobaki ni maji. Mawese kilo tisa, basi.

"Mlipima?"

"Tulipima, Mwalimu, kwa mizani yako hiyo hiyo," alijibu Bi Mwajabu, mwenyekiti wa kikundi, mjukuu wake mchanga mgongoni. Miaka ishirini ameuza maharage sokoni. "Halafu nikaweka nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya kostiki. Vikombe viwili tu. Mtu hapimi kitu akakiacha vile vile, wataniita mchoyo."

Yusta akapima kikombe: gramu mia mbili. Maana yake kostiki kilo moja na mia sita ndani ya kilo nne na mia nne, asilimia thelathini na sita na ushee. Mawese yalikunywa kostiki yakashiba, iliyobaki ikangoja ngozi ya mtu.

"Zifukiwe zote."

"We! Vipande mia na thelathini? Tunazipeleka gulioni Kibondo. Kule hatujuani na mtu."

Hapo ndipo kinyaa kilipompanda Yusta. Kukosea hesabu si dhambi, wanafunzi wake hukosea kila siku. Lakini mwanamke anayeona haya kupunja maharage, haoni haya kuwachuna ngozi watoto wa wenzake! Mkuki kwa nguruwe.

Akamimina maji kwenye beseni, akakiokota kile kipande.

"Mlete mjukuu tumwogeshe."

Bi Mwajabu alirudi nyuma, mikono yote miwili ikimkinga mtoto mgongoni.

"Mbona unakimbia, Bi Mwajabu? Nitamwekea na nyongeza."

Bi Mwajabu alimtazama Mama Zena mikono, akainamisha kichwa, akaenda kuchukua jembe.