Vitufe Tisa vya Kinanda

Harusi ya Rukiya, binti wa jirani, ilikuwa imebakiza siku tatu, na kinanda cha umeme cha shangazi Mahfudha kilikuwa bubu vitufe tisa. Ukivibonyeza, kimya. Na kikundi chake cha muziki cha wanawake wa mtaa wa Barani kilikuwa kimekwisha kualikwa kutumbuiza.

Alikipeleka kwa Afiya, binti wa kaka yake, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na rimoti. Afiya alikifungua juu ya mkeka.

“Shangazi, tazama. Chini ya kila kitufe pana mpira wenye kidoa cheusi. Kidoa kikigusa bodi, umeme hupita, sauti hutoka. Hivi tisa vimelika.”

“Mpira upitishe umeme? Si huvaliwa ili umeme usitupige?”

“Huo ni mpira mtupu. Huu umechanganywa na kaboni.”

Malindi nzima vidoa hivyo havikupatikana, wala Kilifi. Kuagiza nje ni mwezi. Afiya akatoa vijiti vyeusi ndani ya betri kuukuu za tochi, akavitwanga katika kinu kidogo alichokichukua jikoni kwa shangazi, hadi vikawa laini kama wanja.

“Kinu changu cha iliki hicho!” Mahfudha alimaka.

“Nitakununulia kingine, shangazi.”

Alichanganya unga ule na gundi ya silikoni, akautandaza kwenye sahani, akangoja ukauke. Ulipendeza, lakini mshale wa kipimo cha umeme haukutikisika. Chembe za kaboni zilikuwa zimetengana mno, hazikuweza kupokezana umeme. Siku ya pili alizidisha unga. Mpira ukakatika kama kashata iliyokauka. Mahfudha alianza kuulizia kinanda cha kukodi.

Siku ya harusi, asubuhi na mapema, Afiya aliongeza unga kidogokidogo, akikanda na kuonja kwa kipimo. Mara mshale ukaruka. Naye akaruka, akajigonga kichwa kwenye rafu, akacheka peke yake.

Mpira ulipokauka, alikata vidoa tisa, akavibandika chini ya vitufe, akafunga skrubu.

“Haya, bonyeza.”

Mahfudha alifuta vidole kwenye leso, akabonyeza. Kikalia. Cha pili, cha tatu, hadi cha tisa. Alivuta kiti akapiga kibwagizo kizima palepale, majirani wakachungulia dirishani.

Alasiri, ukumbini, Afiya alijibanza nyuma, sikio likikagua kila sauti. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu alisahau kukagua, akawa anaitikia. Ndipo Mahfudha, vidole vikiserereka juu ya kinanda, akachomeka ubeti usiokuwamo:

“Fundi wetu si wa mbali,
katoka humu Barani!”

Vigelegele vikapasua ukumbi. Rukiya, aliyeonywa kwamba bibi harusi hachekicheki, alicheka mpaka machozi. Wanawake wakamgeukia Afiya, wakamvurumishia leso za kumtuza. Alijifunika uso kwa haya, lakini miguu haikumsikiliza. Ikamtoa nyuma mpaka katikati ya ukumbi, akacheza.